Pika Chakula cha Mtoto kwa Mvuke

  Leo tutazungumza juu ya mboga za mtoto na yale maji tunayomwaga baada ya kuzichemsha.

Ukichemsha sukuma wiki, mchicha au karoti kwa maji mengi, sehemu ya vitamini C na baadhi ya vitamini B hutoka kwenye mboga na kuingia majini. Ukimwaga maji hayo, umemwaga lishe uliyoinunua sokoni. Mtoto anapotimiza miezi 6 huanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya. Tumbo lake ni dogo na hula vijiko vichache tu. Kila kijiko kinapaswa kumjenga. Chakula kikipikwa kwa mvuke hakigusi maji, kwa hivyo vitamini nyingi hubaki ndani yake.

Je, ni lazima ununue sufuria maalum? La. Chujio ya chuma inayokaa vizuri ndani ya sufuria, pamoja na mfuniko unaobana, yatosha. Majirani wetu Waganda wamepika matoke kwa mvuke tangu zamani: hutandika vikonyo vya majani ya mgomba chini ya chungu, kisha hufunga ndizi ndani ya majani. Ukinunua sufuria ya mvuke, angalia kama inakaa imara jikoni, mishikio haijalegea na mfuniko unafunika vyema. Usitumie chujio ya plastiki, wala chombo kilichotengenezwa kwa mkebe wa rangi au dawa.

Sasa tupike. Nawa mikono kwa sabuni. Tia maji kiasi cha vidole viwili, yasiguse chakula. Yakichemka, panga mboga zilizokatwa vipande vya ukubwa mmoja, kisha funika. Mboga za majani huiva kwa dakika 5 hadi 8, malenge au karoti 15, viazi vitamu 20 hadi 25. Choma kwa uma. Ukiingia bila shida, chakula kimeiva. Samaki ameiva nyama inapoachana kwa urahisi. Toa miiba yote. Maharagwe makavu usiyapike kwa mvuke. Yaloweke, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya hadi yalainike kabisa.

Ponda chakula kwa uma. Kikiwa kigumu, ongeza maziwa yako au maji kidogo yaliyobaki chini ya sufuria. Kwa viazi vitamu vya rangi ya machungwa, tia mafuta kidogo, kwani husaidia mwili kutumia vitamini A.

Tahadhari, akina mama! Mvuke huunguza vibaya kuliko unavyodhani. Fungua mfuniko ukiuelekeza upande wa pili, mbali na uso wako. Usimbebe mtoto mgongoni wala kumpakata unapofungua, na jiko lisiwe mahali anapotambaa. Akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Kisha mpeleke kituo cha afya.

Maji nayo yasikauke, sufuria isije ikaungua. Yakipungua, ongeza maji yanayochemka.

Ukimaliza, osha kwa sabuni na usugue matundu kwa brashi, maana mabaki ya chakula hujificha humo na kuzaa viini. Anika chombo kikauke. Mahali penye maji ya chumvi, ukoko mweupe hushika chini ya sufuria. Chemsha maji yenye ndimu au siki, acha kidogo, kisha usugue na usuuze.

Mama, usingoje pesa za sufuria mpya. Chujio na mfuniko vikiwepo, anza na chakula cha leo. Mtoto akikataa kula au asipoongeza uzito, muone muuguzi wa kliniki ya watoto iliyo karibu nawe.