Umeme ukikatika, geti la kituo cha mtoto wako linafanya nini?

Mpwa wangu ana miaka miwili na nusu. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, muuza matunda alimkuta amesimama nje ya kituo cha kulelea watoto, kiatu kimoja mguuni, anaangalia bodaboda zinavyopita. Alimshika mkono akaenda kugonga geti. Hakukuwa na haja ya kugonga. Geti lilikuwa wazi.

Sitakitaja kituo hicho, maana mwenyewe alikiri kosa na kulirekebisha. Dada yangu alikichagua kwa sababu ya geti lenyewe: lina kitasa cha sumaku, mzazi anaingia kwa kadi, mlezi anafungua kwa kitufe kilichowekwa juu ambako mtoto hafiki. Siku ya kumwandikisha mtoto hicho ndicho kitu cha kwanza tulichoonyeshwa. Hatukuuliza swali hata moja.

Asubuhi ile umeme ulikatika. Sumaku ikaachia, mtoto akasukuma, akatoka.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, vitasa sivijui. Lakini mtoto wa umri ule anakimbia vizuri na hajui gari ni nini, na barabara ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Kwa hiyo nilimfuata fundi anayefunga milango hii Dar es Salaam, nikakaa naye mchana kutwa akiwa kazini.

Kumbe vitasa vya umeme viko vya tabia mbili, na zinapingana. Cha sumaku kinahitaji umeme ili kifunge: umeme upo, bamba la chuma limenaswa, umeme hakuna, mlango uko huru. Kimetengenezwa hivyo makusudi, watu wasinaswe ndani moto ukitokea. Aina ya pili, ile inayolia ‘zzz’ kwenye mageti mengi ya nyumba zetu, inahitaji umeme ili ifungue. Umeme ukikatika inabaki imefungwa, na anayetaka kuingia anatafuta ufunguo. Ufunguo nao mara nyingi uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda sokoni.

Kinachoamua geti litafanya nini umeme ukikatika ni kiboksi cha chuma ambacho wazazi wengi hatujawahi kukiangalia. Mafundi wanakiita pawa saplai. Kinachukua umeme wa ukutani, kinaushusha hadi volti 12, kinalisha kitasa na kisoma kadi, na wakati huohuo kinachaji betri iliyomo ndani yake. Umeme ukikatika betri inapokea palepale, sumaku haipati hata nafasi ya kuachia.

Hapo ndipo jenereta inapodanganya watu. Mwenye kituo anakwambia tuna jenereta, usiwe na wasiwasi. Jenereta inachukua sekunde kadhaa kuwaka, na kama hakuna betri, sumaku imeshaachia. Sekunde hizo zinamtosha mtoto aliyeegemea geti.

Betri ya kawaida kwenye viboksi hivi ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Sumaku yenye nguvu ya kushika kilo 280 inakula takriban nusu ampea, kisoma kadi kinaongeza kidogo. Ukipiga hesabu kwenye karatasi unapata saa kumi hivi. Kwa betri mpya, fundi wangu anahesabu sita au saba, kwa sababu betri haifai kunyonywa hadi mwisho.

Betri mpya, lakini. Betri hizi za risasi zinaishi miaka mitatu hadi mitano mahali penye ubaridi wa wastani. Joto linaziua mapema: kila nyuzi joto 10 zinazozidi 25, umri unapungua karibu nusu. Fikiria kiboksi cha chuma kilichobandikwa ukuta unaopigwa na jua la Dar.

Na ikifa, hakuna anayejua. Hili ndilo lililoniumiza kichwa kuliko yote. Umeme ukiwepo, geti lenye betri iliyokufa linafanya kazi sawasawa na geti lenye betri nzima. Kadi inalia, taa ya kijani inawaka, mzazi anaridhika. Betri ya kituo cha mpwa wangu ilikuwa imevimba kama mkate. Ilifungwa siku kituo kilipofunguliwa na haikuguswa tena.

Sasa mzazi anaweza kusema basi tuweke betri kubwa, geti lisifunguke kamwe. Hapana. Mwezi Machi 2001, wanafunzi 67 wa Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos nchini Kenya, walikufa bweni lao lilipoungua. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Lile lilikuwa komeo la kawaida, si umeme, lakini ndiyo sababu betri isiachiwe iamue peke yake. Pembeni ya mlango wa sumaku panatakiwa pawe na kitufe cha dharura, kile cha kijani cha kuvunja au kusukuma, na waya wake uikatie sumaku umeme moja kwa moja, wa ukutani na wa betri pia. Mafundi wengine wanakiunganisha kwenye mtambo wa kadi tu. Mtambo ukiganda, nacho kimeganda. Na kama kitasa ni cha ile aina ya pili, upande wa ndani pawe na mkono ambao mtu mzima anaushusha mlango ukafunguka, bila kadi wala ufunguo.

Kwa hiyo ukimpeleka mtoto, usiishie kuuliza kama kuna betri. Utajibiwa ipo. Omba swichi ya kiboksi izimwe mbele yako, kisha sukuma geti mwenyewe. Likishika, subiri nusu saa usukume tena. Bado umeme ukiwa umezimwa, omba kitufe cha dharura kibonyezwe. Geti lifunguke hapohapo. Muulize mlezi, siyo mwenye kituo, ufunguo uko wapi. Angalia tarehe iliyoandikwa juu ya betri. Kama haipo, hakuna anayeifuatilia. Utaonekana msumbufu, najua. Dada yangu alionekana hivyo.

Pale kituoni wamebadilisha betri, wameandika tarehe kwa kalamu nyeusi, na wamehamishia kiboksi ndani kwenye kivuli. Wameweka pia kigeti kifupi cha mbao kati ya uwanja na geti kubwa, chenye komeo la kawaida ambalo mtu mzima analifungua kwa kidole. Binafsi hicho kigeti ndicho kilichonipa usingizi.

Jumapili iliyopita tulizima swichi ya mlango wa chini wa ghorofa ninakoishi, ambako kuna watoto kumi na mmoja. Sumaku ilishika dakika nne. Fundi anakuja Alhamisi.