Kuishi na mfuko tumboni: namna ya kurudilia kazi na maisha ya kila siku kisha upasuaji

Katika mahospitali ya mashariki mwa Kongo, kuna wagonjwa wanaoingia katika chumba cha upasuaji juu ya risasi ya tumboni, homa ya tifoide iliyotoboa utumbo, utumbo uliojisokota ao kansa. Wanaamka wakiwa na tundu jipya kwenye tumbo na mfuko wa kupokea choo. Maisha yameokolewa, lakini kisha kutoka hospitali kazi ingine inaanza: kurudi shambani, sokoni, kanisani na katika ndoa wakiwa na mfuko ule.

Upasuaji huo unaitwa kolostomi wakati munganga anatoa inje sehemu ya utumbo mnene, na ileostomi wakati ni utumbo mwembamba. Sehemu nyekundu inayoonekana kwenye tumbo inaitwa stoma. Haiumi ikiguswa, na inaweza kutoa damu kidogo wakati wa kuoshwa. Haina misuli ya kuzuia choo wala upepo, ndiyo maana mfuko unahitajika muchana na usiku.

Si ugonjwa wa aibu

Kwa majeruhi wa vita, jambo hili si geni. Mjini Goma, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa, CICR, linasaidia upasuaji wa majeruhi kwenye hospitali ya CBCA Ndosho. Tifoide nayo inaacha alama: mjini Kinshasa, kati ya mwezi wa 9 mwaka 2004 na mwanzo wa 2005, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilihesabu wagonjwa zaidi ya 42.000, na kati yao 696 waliopata uambukizo ndani ya tumbo ao kutobolewa utumbo. Watoto wanaozaliwa bila tundu la haja kubwa, nao mara nyingi wanafanyiwa kolostomi wakingojea upasuaji mwingine.

Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayotoka kwa ulozi ao laana, na stoma haiambukizi mtu mwingine.

Kazi nzito ingojee

Kwa wakaaji wa Kivu na Ituri, shida kubwa ni mizigo. Wanganga wanakataza kubeba vitu vizito kwa muda wa juma 6 hadi 8 ao zaidi, kwani misuli ya tumbo iliyokatwa inaweza kufunguka na utumbo ukasukumwa inje kando ya stoma. Bidoni ya litre 20 ikijaa maji inakaribia kilo 20. Kwa mama anayebeba makala mgongoni, anayelima kwa jembe, ao kijana anayesukuma chukudu, hiyo inamaanisha miezi miwili bila feza. Familia inapaswa kujipanga mbele: nani atachota maji, nani atashika kazi.

Kutembea kwa miguu, kinyume chake, ni kuzuri tangu siku za kwanza. Kazi ya kushona, kuuza ao kufundisha inaweza kuanza mapema kidogo. Kwa pikipiki, ni heri kungojea kidonda kikauke, kisha kumwaga mfuko mbele ya safari.

Ngozi na mfuko

Mfuko unamwagwa ukifikia nusu, mbele haujawa muzito na kujibandua. Ngozi inaoshwa kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kisha inakaushwa vizuri. Mafuta ya kujipakaa yanazuia mfuko kushika. Tundu la mfuko linakatwa kufuata ukubwa wa stoma, likizidi milimeta 2 ao 3 tu: choo kikigusa ngozi, kinaichoma, zaidi sana kwa mwenye ileostomi. Mifuko inapokosekana, wengine wanatumia vitambaa safi. Hapo vinabadilishwa mara moja vikilowana.

Sahani na kitanda

Hakuna chakula cha pekee cha maisha yote. Mwanzoni uji, wali, viazi na ndizi vinafaa, kisha bugali na samaki vinarudi polepole. Maharagi na shu vinaongeza upepo. Mwenye ileostomi ajihadhari na mahindi ya kuchoma, karanga na sombe yenye nyuzi, kwani vinaweza kuziba, atafune sana. Anapoteza pia maji na chumvi nyingi. Choo kikikuwa maji matupu, litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinasaidia wakati wa kuelekea hospitali.

Bibi na bwana wanaweza kurudilia tendo la ndoa kidonda kikipona, na mwanamke mwenye stoma anaweza kubeba mimba na kuzaa, akifuatwa na munganga.

Stoma ikigeuka nyeusi, damu ikikataa kukauka, ao choo kikikosa kutoka pamoja na maumivu na kutapika, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.

Tarehe ya kufunga

Stoma nyingi za majeruhi na za tifoide ni za muda. Mara nyingi zinaweza kufungwa kisha miezi kadhaa, wakati mwili umepata nguvu. Lakini upasuaji wa pili unaomba feza na safari, na katika maeneo ambako barabara hazipitiki, mfuko wa miezi mitatu unaweza kugeuka wa miaka. Mbele ya kutoka hospitali, mgonjwa na jamaa yake wana haki ya kuuliza: ni utumbo gani uliotolewa? Ni kwa muda ao kwa maisha? Turudi tarehe gani, na bei gani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi na ichungwe nyumbani, ili hata munganga wa mahali pengine aweze kuendelea na kazi.