Ni Shida Tu, au ni Hatari? Uliza Nani Anakuharakisha

Uko sokoni Burnt Forest, asubuhi, baridi bado kali. Umeuza magunia mawili ya viazi kwa mteja aliyeegesha pikapu kando ya barabara ya Eldoret–Nakuru. Anasema ametuma pesa, lakini simu yako iko kimya. Dakika tano zinapita.

Hiyo ni shida tu. Mtandao ukilemewa, ujumbe huchelewa. Angalia salio, kama pesa imeingia, utaiona hata kabla ya ujumbe kufika.

Sasa simu inalia. Ujumbe umeingia, lakini umetoka kwa namba ya kawaida, si kwa jina MPESA. Mteja anasema, “Mama, nimechelewa, si pesa imefika? Wapakie haraka!” Hapo ni hatari. Usipakie hata gunia moja kabla ya kuona salio lako.

Umeona tofauti? Kwenye shida, hakuna mtu anayekusukuma. Kwenye hatari, kuna mtu anataka ufanye kitu sasa hivi, kabla hujafikiria.

Hizi ni shida, na zina dawa:

- Umetuma pesa kwa namba isiyo sahihi. Kama ni M-PESA, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja.
- Umesahau PIN. Piga simu huduma kwa wateja, ukiwa na kitambulisho karibu.

Hizi ni hatari:

- Mtu anakupigia akitaka PIN yako. Sisi hatuiulizi kamwe. Kata simu.
- “Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie.” Usimtumie. Angalia salio; kama iliingia kweli, mwambie aombe irudishwe kupitia 456.

Kuna moja inayochanganya wengi. Laini yako inapoteza mtandao ghafla. Je, ni mtandao wa kawaida? Muulize jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo. Kama naye hana, subirini pamoja. Kama yeye anao na wewe huna, hata baada ya kuzima na kuwasha simu, huenda mtu amehamisha namba yako kwenye laini nyingine. Azima simu ya jirani upigie huduma kwa wateja papo hapo, akaunti ifungwe.

Msimu wa viazi ni mfupi, na karo inangoja. Ukisikia “haraka, haraka”, simama kwanza, uangalie salio.