Neno alilorudi nalo Wangari kutoka Japani, na sashe za Gatumba

Kati ya vitu vyote vinavyovuka mpaka wa Gatumba, chepesi kuliko vyote ni mfuko wa plastiki. Mama anayeuza ndagala anauita sashe, kama wanavyouita majirani zake wa Kavimvira na Uvira. Mtanzania wa Kigoma anauita rambo, Mkenya anauita juala. Majina ni mengi, na sheria zake zimekuwa nyingi vilevile.

Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini inayoweza kufika Sh4 milioni za huko au kifungo cha hadi miaka minne. Kongo ilitoa amri yake mwishoni mwa mwaka huohuo. Burundi ilitia saini amri ya rais Agosti 2018, ikawapa watu miezi 18 wamalize akiba zao, na marufuku ikaanza Februari 2020. Tanzania ilianza tarehe 1 Juni 2019. Uganda imejaribu zaidi ya mara moja, na mifuko bado imo sokoni. Bunge la Afrika Mashariki liliwahi kujadili muswada mmoja kwa ajili ya jumuiya nzima, uliosukumwa na mbunge Patricia Hajabakiga wa Rwanda, lakini kila nchi imebaki na sheria yake. Anayetakiwa kuzikariri zote ni mfanyabiashara.

Ni rahisi kudhani kwamba mambo haya yaliletwa na wafadhili katika mikutano ya hotelini. Ukweli ni kwamba hoja iliyo nyuma yake ilisemwa mapema, na kwa sauti kubwa, na mwanamke wa Nyeri. Na mwezi mmoja wa maisha yake, kati ya Februari na Machi 2005, unafaa kujulikana na kila anayebeba mzigo kuvuka mpaka.

Mgeni wa gazeti

Februari hiyo Profesa Wangari Maathai alikuwa ametoka kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo miezi miwili tu iliyopita, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Nyumbani Kenya alikuwa waziri msaidizi wa mazingira. Kwa taaluma alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama, na shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1971 ilimfanya mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hilo. Lakini jina lake lilitokana na kazi nyingine kabisa: mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, ambamo wanawake wa vijijini walipanda miche na kulipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika. Hawakulipwa kwa kupanda. Walilipwa mche ukiishi. Mfanyabiashara yeyote anaelewa tofauti hiyo.

Aliyemwalika Japani ni gazeti la Mainichi Shimbun. Tarehe ya safari ilikuwa na maana yake, kwa sababu Mkataba wa Kyoto wa kupunguza hewa ukaa ulianza kufanya kazi tarehe 16 Februari 2005, na Wangari alihutubia maadhimisho yaliyofanyika katika mji huohuo wa Kyoto. Alikutana pia na Waziri Mkuu, Junichiro Koizumi.

Kwa kawaida, Mwafrika mashuhuri akifika Tokyo hutarajiwa aombe, na orodha ya maombi inajulikana: visima, madarasa, magari ya wagonjwa. Wangari naye alikuwa na miti ya kutafutia fedha, wala hakuona aibu kuitafutia. Lakini kilichomshika akili katika safari ile ni neno moja alilolisikia katika mahojiano na gazeti lililomwalika. Neno lenyewe ni mottainai.

Wajapani hulitamka wanapoona kitu chenye thamani kinapotea bure: wali uliobaki bakulini, nguo nzima iliyotupwa, maji yanayomwagika. Ndani yake mna majuto, na mna heshima kwa kitu chenyewe na kwa aliyekitolea jasho. Watu wa mwambao hawahitaji tafsiri ndefu. Wanalo neno israfu, na mtoto akitupa chakula bibi humwambia anakufuru. Mottainai imo katikati ya maneno hayo mawili.

Wangari aliona kwamba neno moja hili linabeba mambo matatu ambayo wataalamu wa mazingira huyataja kila siku bila kuwagusa watu: kupunguza matumizi, kutumia tena, na kuchakata taka ziwe bidhaa mpya. Yeye akaongeza la nne, heshima. Mwanzoni mwa Machi alikuwa New York, kwenye kikao cha Tume ya Umoja wa Mataifa ya Hali ya Wanawake, na huko akawafundisha wajumbe neno hilo na kuwataka walitamke pamoja naye.

Wajapani wenyewe walishangaa kidogo. Kwao mottainai lilikuwa neno la nyumbani, tena la wazee. Mwaka 2004 tu mwandishi Mariko Shinju alikuwa ametoa kitabu cha watoto ambacho mhusika wake ni bibi anayemkemea mjukuu kwa neno hilo hilo. Sasa profesa wa Kenya alikuwa analitangaza duniani kama jambo la kisasa. Mainichi lilianzisha kampeni yenye jina hilo, kampuni ya biashara ya Itochu ikaiunga mkono, bidhaa zikauzwa kwa chapa ya Mottainai, na sehemu ya mapato ikatumwa Kenya kupanda miti ya Green Belt Movement. Kwa hiyo fedha zilipatikana, lakini zilipatikana kwa mauzo. Mwaka 2009 serikali ya Japani ilimtunuku nishani ya Jua Linalochomoza, ya daraja la juu.

Kiondo dhidi ya nailoni

Nyumbani mambo hayakuwa laini hivyo. Februari ileile ya 2005, ripoti iliyoandaliwa Nairobi na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pamoja na taasisi za Kenya ilipendekeza mifuko myembamba, ya chini ya maikroni 30, ipigwe marufuku na ile minene itozwe kodi. Wangari alilishika jambo hilo. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyesomea viumbe: mifuko iliyotupwa hukusanya maji ya mvua, maji hayo yaliyotuama huwa malezi ya mbu, na mbu huleta malaria. Badala yake alisema watu warudie kiondo, kikapu ambacho wanawake wa Kenya walikuwa wanakisuka kabla nailoni haijafika.

Wenye viwanda walipinga, wakitaja ajira. Marufuku ya mwaka 2007 haikushika, na ya 2011 haikushika. Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011, miaka karibu sita kabla ya ile iliyoshika. Alikuwa ameomba asizikwe katika jeneza la mbao. Aliwekwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha mwili wake ukachomwa.

Nani anayelipia

Gatumba iko mahali ambapo hoja hizi hupimwa bila huruma. Mji umelala kwenye tambarare ya mto Rusizi, hatua chache kutoka Ziwa Tanganyika, juu ya barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Uvira. Aprili 2020 Rusizi ulifurika, nyumba zikazama na maelfu ya watu wakahama. Maji yakarudi katika miaka iliyofuata, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda hadi likaingia mitaani.

Hakuna mtu mkweli atakayesema sashe ndiyo iliyofurisha Rusizi. Mvua ilizidi, ziwa lilijaa, na vilima vya juu vilivyokatwa miti havishiki tena maji wala udongo. Hilo la mwisho Wangari alilisema maisha yake yote. Lakini maji yanapopungua, mitaro iliyoziba kwa nailoni ndiyo inayochelewesha mtaa kukauka, na madimbwi yanabaki mlangoni. Kwa nchi ambayo Machi 2017 ilitangaza rasmi kuwa malaria imekuwa janga, hilo si jambo la urembo wa mji.

Hata hivyo, kuna upande ambao wanaotunga sheria huupita haraka. Sashe ilikuwa ghala la mtu mdogo. Anayeuza mawese kwa kipimo cha faranga chache, chumvi ya kijiko, sukari ya chai ya siku moja au karanga za kukaanga aliweza kugawa bidhaa kwa sababu kifungashio kilikuwa karibu na bure. Bahasha ya kaki haibebi mawese. Mfuko wa kitambaa wakati mwingine unakaribia bei ya kilichomo. Kiwanda kinaweza kubadili mashine au kuomba msamaha wa kisheria, na kwa kweli sheria nyingi, ya Burundi ikiwamo, zimeacha nafasi kwa vifungashio vya viwandani na vya dawa. Mama wa sokoni hana wa kumwombea msamaha. Anayekamatwa na sashe mkononi kwa kawaida ni yeye. Aliyeziingiza kwa katoni usiku haonekani.

Hapo ndipo hoja ya Wangari inapokuwa bora kuliko sheria zilizokuja baada yake. Hakuanza na askari, alianza na kikapu. Aliuliza kwanza watu watabebea nini, na jibu lake lilikuwa kitu kinachosukwa na wanawake na kuuzwa na wanawake. Marufuku isiyo na kikapu humhamishia mchuuzi gharama yote. Marufuku yenye kikapu humfungulia soko mtu mwingine.

Na Gatumba haihitaji kufundishwa mottainai. Bidoni la njano la lita 20 lililoleta mafuta ya kupikia litabeba mawese, kisha maji, kisha likipasuka litakatwa liwe karai. Gunia la mchele linageuka turubai la kufunika nyanya. Caguwa, ambayo Mtanzania anaiita mitumba, inavaliwa mpaka ibaki tambara la kudekia. Kitenge kinabeba mtoto asubuhi na unga jioni. Wajapani nao wana kitambaa kama hicho, cha mraba, kiitwacho furoshiki, cha kufungia na kubebea vitu. Mwaka 2006 waziri wao wa mazingira, Yuriko Koike, alikitangaza upya kwa kutoa furoshiki zilizofumwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizochakatwa, akaziita za mottainai.

Hata Probox inayoleta abiria kutoka Bujumbura ni mtumba wa Kijapani, usukani wake kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Japani gari likizeeka, ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken humgharimu mwenyewe kiasi kwamba wengi huona afadhali waliuze. Gari lililochokwa Osaka linaanza maisha ya pili Afrika Mashariki. Kama neno la Wangari lina mfano wenye magurudumu, ni huo, ingawa moshi wake ni hesabu nyingine.

Wala nchi iliyozaa neno hilo haikulitii kila siku. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 iliitaja Japani kuwa ya pili duniani, baada ya Marekani, kwa taka za vifungashio vya plastiki kwa kila mtu. Huko ndizi moja inaweza kuvishwa nailoni yake. Maduka ya Japani yalilazimishwa kuanza kuuza mifuko badala ya kuigawa bure tarehe 1 Julai 2020, karibu miezi mitano baada ya amri ya Burundi kuanza kufanya kazi. Kwa kipimo hicho, soko la Gatumba liliitangulia Tokyo.

Kwa anayesafiri na mzigo, hali ilivyo ni hii. Anayeingia Rwanda aondoe nailoni ya kubebea kabla ya kufika kwenye ukaguzi, kwani hunyang'anywa papo hapo, na tangu sheria ya 2019 nchi hiyo imeongeza na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Tanzania huruhusu vile vifuko vidogo vyenye zipu ambavyo msafiri huwekea sabuni na mafuta ya kujipaka, kwa sharti kwamba aondoke navyo. Kenya huwataka wageni waache hata mifuko waliyopewa kwenye maduka ya uwanja wa ndege. Vifungashio vya kiwandani, vile ambavyo bidhaa imetoka navyo kwa mtengenezaji, kwa kawaida havihesabiwi kuwa mifuko ya kubebea. Kwa ndagala, kikapu kilichotandikwa majani ya migomba kinapita mipaka yote, na samaki hawatoki jasho ndani yake kama ndani ya sashe.