Mwenye Baridi Yabisi Asinyimwe Maharagwe



Katika matembezi yetu vijijini, kutoka Kimilili hadi Sirisia, swali moja halituachi: "Mwenye baridi yabisi ale nini, aache nini?" Na mara nyingi twakuta majirani wameshamkataza maharagwe, nyama, mayai, nyanya, hata maziwa. Mama mmoja tuliyemtembelea alikuwa amebaki na ugali na kabichi tu. Vidole vimevimba vile vile, na juu ya hayo amekonda na damu imempungukia.

Makatazo hayo yatoka wapi? Kwa maoni yetu, watu wanachanganya na jongo. Jongo huletwa na asidi ya yuriki inayozidi katika damu na kuganda kama punje ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na maumivu huja ghafla. Huyo ndiye wa kupunguza matumbo, maini, nyama nyingi, omena na hasa pombe. (Na hata yeye, maharagwe hayana ubaya kama inavyosemwa.) Baridi yabisi ni kinga ya mwili yenyewe kuushambulia utando laini wa viungo. Hushika vidole vya mikono yote miwili, na asubuhi mikono hukaa migumu saa nzima au zaidi. Wanawake huugua mara mbili au tatu zaidi ya wanaume.

Sasa, chakula chasaidia? Chasaidia kidogo, lakini hakiponyi. Mafuta ya samaki yamejaribiwa mara nyingi, na wagonjwa wengine walipunguziwa maumivu na ule ugumu wa asubuhi. Omena wana mafuta hayo, ila kiasi kilichotumika katika majaribio ni kikubwa kuliko cha sahani moja, kwa hiyo tusitarajie muujiza. Mwaka wa 2022 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kilipendekeza ulaji wa watu wa Mediterania: mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya maharagwe, samaki, mafuta ya zeituni. Mafuta hayo kwetu ni ghali, lakini mengine si ni yale yale ya soko la Chwele? Saga, managu, kunde, wimbi, njugu, omena. Kumbe tunakimbia dawa tuliyo nayo shambani! Sukari na vyakula vya kukaanga ndivyo vya kupunguza, maana uzito ukizidi viungo huumia zaidi. Sigara nayo huuzidisha ugonjwa huu. Na chai ya majani isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ingoje saa moja hivi.

Kama mgonjwa asema chakula fulani chamwamsha maumivu, tusimbishie. Akiache hicho kimoja wiki tatu, akirudie, aandike katika daftari alivyojisikia. Kimoja kimoja tu, si kuacha vyote kwa mpigo.

Jambo linalotutia hofu ni wale wanaoacha dawa za hospitali wakitegemea chakula au unga wa miti. Kiungo kikishaliwa na ugonjwa huu hakirudi kuwa kama zamani, na madhara mengi huingia katika miaka ya kwanza. Anayetumia methotreksati akumbuke ni mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, na asiguse chang'aa wala busaa, kwa maana ini litaumia. Mama anayetaka kushika mimba amwambie daktari mapema kabla. Anayepewa prednisolone apunguze chumvi na apate maziwa, au omena wanaoliwa na mifupa yao, maana dawa hiyo hudhoofisha mifupa.

Na wewe ambaye vidole vyako vimevimba na kukaza asubuhi kwa wiki kadhaa sasa, usingoje. Nenda hospitali ukapimwe damu.