Kuuza RAV4 ya milango mitatu ili kununua gari la familia: hesabu inasemaje?

GARI likifikisha miaka 25 na bado linawaka kwa ufunguo wa kwanza, mwenye nalo huanza kuliona kama ndugu. Jijini Dar es Salaam ndugu wa namna hiyo ni wengi. Toyota RAV4 za toleo la kwanza, zile fupi za milango mitatu zisizofika urefu wa mita 4, hukaa uani tangu Jumatatu hadi Ijumaa huku wenyewe wakienda kazini kwa mwendokasi au daladala. Jumamosi gari hutolewa, hufutwa vumbi, na safari ni shambani Kisarawe, harusini Bagamoyo au ufukweni Kigamboni.

Bwana na bibi wenye mtoto mmoja hawana ugomvi na gari hilo. Ugomvi huanza mtoto wa pili anapozaliwa. RAV4 ya milango mitatu ina viti vinne tu. Watoto wawili wakifungiwa viti vyao nyuma, gari limejaa, na bibi aliyekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu abaki nyumbani au apakatwe, jambo ambalo halifai. Buti nalo likipokea gari la kusukumia mtoto, begi la nepi halina pa kukaa.

Hapo ndipo mwenye gari huambiwa na kila mtu kazini kwamba auze, aongeze fedha kidogo, achukue Noah. Ushauri huo si mbaya. Tatizo lake ni hilo neno "kidogo".

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba gari kuukuu limekwisha kufanya kosa lake kubwa la kibiashara, yaani kushuka thamani. Wanunuzi wa Dar es Salaam hupima umri wa gari nchini kwa herufi ya namba yake ya usajili. Lenye namba A huhesabiwa kuwa mzee, la namba D bado lina heshima, na la namba E huulizwa bei kwa sauti ya upole. RAV4 ya namba A au B iliyotunzwa vizuri ikishafika bei yake ya chini hubaki hapo karibu miaka miwili mitatu, mradi injini isiguswe na kutu isiingie sakafuni. Gari lililoagizwa Japani hivi karibuni ndiyo kwanza linaanza safari yake ya kushuka, na anayelipia safari hiyo ni mnunuzi.

Jambo la pili ni kodi. Wengi huangalia bei ya gari kwenye orodha za wauzaji wa Japani, wakaiona nafuu, wakasahau kwamba kodi huweza kulingana na bei yenyewe.

Tuchukue mfano wa Toyota Sienta ya kizazi cha kwanza, ile ya injini ya lita 1.5 na viti saba iliyoanza kutengenezwa mwaka 2003. Tuseme thamani yake ikifika bandarini Dar es Salaam, pamoja na bima na nauli ya meli, ni dola 3,000 za Marekani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 750. Jumla hiyo ya 3,750 ndiyo inayotozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,001 na 2,000. Kisha linakuja pigo lenyewe, yaani ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Sienta za kizazi hicho zilitoka kiwandani hadi mwaka 2015, kwa hiyo zote zimekwisha kuvuka umri. Juu ya yote hayo huwekwa VAT ya asilimia 18. Kodi hizo kubwa pekee zinafika dola 2,974 hivi, kabla ya tozo ndogo ndogo, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili.

Kwa maneno mengine, mtu ananunua gari moja na kulipia mawili.

Isitoshe, Mamlaka ya Mapato, TRA, hailazimiki kukubali bei iliyoandikwa kwenye ankara. Ina orodha yake ya thamani za magari kwa aina, mwaka na injini, na ndiyo inayotumika kukokotoa. Mnunuzi aliyepata gari kwa bei ya kutupa huko Yokohama huweza kutozwa kama aliyelipa zaidi. Kikokotoo cha TRA kinapatikana kwa kila mtu, na kwa kuwa viwango huguswa karibu kila bajeti ya Juni, ni vyema kukitumia siku ileile ya kuamua badala ya kutegemea hesabu ya jirani aliyeagiza mwaka juzi.

Humu ndani kuna siri moja ambayo wauzaji wa yadi wanaijua kuliko wateja. Gari lisilofika miaka 8 halitozwi uchakavu kabisa. Kwa injini ya kundi hilohilo, kila dola 1,000 ya gari changa huishia kuwa kama dola 1,549 baada ya kodi hizo kubwa, wakati dola 1,000 ya gari la zaidi ya miaka 10 huishia 1,991. Maana yake, gari changa la thamani ya dola 3,850 bandarini linamgharimu mnunuzi sawasawa na gari kuukuu la dola 3,000. Mwenye kuagiza asitazame bei ya Japani peke yake. Aulize kwanza kama tofauti ya bei ya gari changa ni ndogo kuliko adhabu ya uzee. Kwa magari ya familia yanayogombewa, mara nyingi tofauti hiyo ni kubwa zaidi na uzee unashinda, lakini hesabu ifanywe.

Turudi kwa familia yetu ya mfano. Tuseme RAV4 yao inapata mteja wa Sh milioni 9, na Sienta ikiwa barabarani na namba yake imegharimu Sh milioni 17. Pengo ni Sh milioni 8. Je, Sienta italirudisha kwa kula mafuta kidogo?

Gari la mwisho wa wiki haliendi mbali. Kilomita 150 kila wiki ni kama 7,500 kwa mwaka. Injini ya RAV4 ya lita 2 ikienda kilomita 10 kwa lita, inahitaji lita 750. Sienta ikienda 14, inahitaji lita 536. Petroli ikikadiriwa kwa Sh 3,000 kwa lita, kinachookolewa ni Sh 642,000 kwa mwaka. Si fedha ya kudharau.

Lakini RAV4 hiyo ilikuwa na bima ndogo, ya laki moja na ushee. Hakuna mwenye akili timamu atakayeweka bima ndogo kwenye gari la Sh milioni 17 alilonunua jana. Bima kubwa kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, pamoja na VAT, ni Sh 702,000. Tofauti ya bima mbili hizo ni takriban Sh 584,000. Petroli iliyookolewa imekwenda yote kwa kampuni ya bima, na kilichobaki hakitoshi hata kubadilisha tairi moja.

Zipo pia hizo Sh milioni 8. Zikikaa mahali zinapozaa asilimia 10 kwa mwaka, zinaleta Sh 800,000. Noah ya kukodi ikiwa Sh 130,000 kwa siku, faida hiyo inatosha siku sita za kukodi: Pasaka, Idi, Krismasi na harusi moja ya Morogoro. Kwa familia ambayo hujaa mara sita tu kwa mwaka, kubadilisha gari ni kununua ng'ombe kwa sababu ya glasi moja ya maziwa.

Kwa hiyo anayetaka kubadilisha ili "aokoe" aache. Sababu ya kubadilisha haiko kwenye daftari la fedha. Iko kwenye kiti cha nyuma.

Katika gari la milango mitatu, kumfunga mtoto kunamtaka mzazi akunje kiti cha mbele, ainame na kuingiza nusu ya mwili ndani, huku mwenzake ameshika mtoto wa pili pembeni mwa barabara. Matokeo yake yanajulikana, ingawa wazazi hawapendi kuyasema: safari fupi, mtoto hafungwi. Anapakatwa, "tunafika hapo tu". Gari likisimama ghafla, hata kwa mwendo wa mjini, hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto asitupwe mbele. Ikitokea ajali na kiti cha mbele kikakwama, wa nyuma hana mlango. Gari ambalo usumbufu wake unafanya watoto wasifungwe mkanda limekwisha muda wake katika nyumba hiyo, hata kama injini yake ni nzima.

Ndiyo maana swali la kwanza yadini lisiwe idadi ya viti, liwe milango na mikanda. Sienta ina milango ya nyuma ya kuslaidi pande zote mbili, jambo kubwa kwa maegesho ya kubanana ya Kariakoo. Kasoro yake ni kwamba safu ya tatu ni nyembamba, na ikikaliwa, buti halipo. Ni gari la watu watano wenye wageni wawili wa dharura. Tumbo lake pia liko chini, kwa hiyo barabara ya shamba Kisarawe wakati wa masika isahauliwe. Toyota Wish nayo ina safu tatu, ila milango yake ni ya kawaida.

Noah inahitaji maelezo zaidi, maana jina moja linabeba magari tofauti. Ile ya zamani, iliyotoka 1996 hadi 2001, injini yake iko chini ya viti vya mbele, na aina zake za petroli hutumia injini ya 3S, ileile iliyomo kwenye RAV4 ya kwanza. Fundi ni yuleyule na spea ni zilezile. Mlango wake wa kuslaidi uko kushoto tu, na kwa bahati nzuri Japani kama Tanzania huendesha kushoto, hivyo watoto hushukia upande wa njia ya miguu. Iliyofuata, ya 2001 hadi 2007, ina nafasi zaidi na milango ya kuslaidi pande mbili, lakini injini yake ya lita 2 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa. Pampu na nozeli za mfumo huo hazivumilii petroli chafu, na kuzibadilisha si kazi ya fundi wa chini ya mwembe. Tena Noah nyingi za Arusha, Kilimanjaro na mikoa mingine zimewahi kubeba abiria. Mnunuzi atazame matundu ya skrubu sakafuni, viti vilivyoshonwa upya na mlango wa kuslaidi uliolegea. Hiyo ndiyo historia ya gari, hata kama kadi inasema mmiliki ni mtu binafsi.

Kuna njia ya kati ambayo haitajwi sana, labda kwa sababu haimpi mtu la kuringia. Toyota ilitoa RAV4 ya milango mitano mwaka 1995. Injini ileile, urefu wa tumbo uleule, viti vitano na milango miwili ya nyuma ya kawaida. Ikinunuliwa hapa nchini ikiwa na namba tayari, kodi zake alikwisha kuzilipa mtu mwingine zamani, na pengo la bei huwa sehemu ndogo tu ya lile la Sienta. Kwa familia ya watoto wawili isiyo na wazazi wala wadogo zao wanaosafiri nao kila wiki, inaelekea hii ndiyo biashara bora kuliko zote.

Kabla ya kulipa, viti vya watoto vibebwe hadi yadini na kufungwa kwenye gari lenyewe. Sehemu za katikati za magari mengi ya umri huu zina mkanda wa kiunoni tu, na viti vingi vya watoto vinataka mkanda wa pointi tatu. Muuzaji atacheka, lakini atasubiri.

Kuhusu lile kuukuu, yadi inayokubali gari kwa gari na kuongeza fedha huliweka kwa bei ya chini, kwani nayo lazima iuze kwa faida. Anayeweza kusubiri auze mwenyewe. Ila asimkabidhi mnunuzi ufunguo kwa karatasi ya mkono na ahadi kwamba "kadi tutabadilisha wiki ijayo". Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na kadi isipohamishwa TRA, dereva mpya ataendesha kwa kasi Chalinze na deni litasoma kwa jina la mwenye gari wa zamani.