Fazi ya gitaa na joto la Chake Chake

Aliyewahi kukaa karibu na spika ya harusi iliyochanika anaijua sauti ya fazi, hata kama jina lenyewe hajapata kulisikia. Sauti inanguruma, inakwaruza, inang'ang'ania kama haitaki kuisha. Kwetu Pemba mwenye shughuli huona haya na fundi akaitwa mbio. Wapiga gitaa wa Marekani na Uingereza waliisikia sauti hiyo hiyo, wao wakaitaka.

Ilianza kwa ubovu kweli. Mjini Nashville, mtambo wa studio uliharibika wakati Grady Martin akipiga gitaa lake la besi katika wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", uliotoka 1961. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuutupa mkwaruzo ule; alitafuta namna ya kuutoa kusudi kwa transista, na 1962 kampuni ya Gibson ikaingiza sokoni Maestro FZ-1, pedali ya gitaa inayokanyagwa kwa mguu. Mwaka 1966 London ikatoa Fuzz Face, kiboksi cha duara ambacho Jimi Hendrix alikifanya kijulikane duniani. Ndani yake mna transista 2 tu na vikorokoro vichache.

Kinachotokea humo ni hiki. Gitaa hutoa umeme mdogo mno, tuseme sehemu ya kumi ya volti. Transista huukuza. Lakini betri ni ya volti 9, na wimbi la sauti haliwezi kupanda kupita pale betri ilipokomea. Ukilisukuma zaidi, linagonga dari na kilele chake kinakatika, likabaki bapa kichwani. Ubapa huo ndio mkwaruzo: sikio linapata noti uliyoipiga pamoja na nyingine za juu yake ambazo hukuzipiga. Na kwa kuwa pigo la nguvu na pigo la kawaida yote yanagonga dari moja, noti hukawia kufifia.

Anayeanza asikimbilie Fuzz Face. Ipo sakiti ndogo zaidi, iitwayo Bazz Fuss: transista 1, dayodi 1, rezista ya kiloomu 10 (rangi zake kahawia, nyeusi, chungwa), kapasita 2 na volyumu ya kiloomu 100. Karibu vyote hivyo vimo katika droo ya fundi redio yeyote, ndani ya maiti za redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Inakula chini ya miliampia 1, kwa hiyo betri hukaa sana. Umeme ukikatika, inayonyamaza ni amplifaya. Pedali haina habari.

Kwenye droo hiyo hiyo pana mtego. Redio kuukuu zina transista za jemaniamu, na wapenzi wa fazi huzisifu kwa sauti yake laini. Ni kweli, ila jemaniamu haivumilii joto: kadiri linavyopanda, umeme huvuja ndani yake hata pasipo kupigwa kitu, na mpangilio wote wa sakiti huhama. Pedali iliyorekebishwa kwenye chumba cha baridi cha London itakusumbua Chake Chake mchana wa kaskazi. Chukua silikoni, mfano BC547, ya bei ndogo na isiyo na makuu. Mimi sioni hasara yoyote.

Yangu ya kwanza niliiunga juu ya kipande cha kadibodi, nikachomeka gitaa. Kimya. Nikailaumu transista, nikaibadilisha. Kimya vile vile. Nilipoweka mita kwenye mguu wa transista uitwao kolekta nikasoma karibu volti 9 kamili, na hapo ndipo nilipozinduka. Katika sakiti hii dayodi ndiyo inayoilisha transista, ikipeleka umeme kidogo kutoka kolekta hadi mguu wake mwingine, besi. Mimi nilikuwa nimeigeuza. Kile kimstari mwilini mwake lazima kielekee besi. Nikaichomoa, nikaigeuza, mita ikashuka hadi kama volti 1, na spika ikaanza kukwaruza. Tangu siku hiyo napima volti kwanza, kulehemu baadaye.

Ikishafanya kazi itie kwenye kopo la bati, waya wa hasi uguse bati lenyewe. Bila hivyo itavuma mfululizo kwa umeme wa nyumba.

Halafu kuna suala la nini upige. Kodi nzito, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zikipita kwenye fazi huvurugika, kwa sababu nyuzi mbili zikikatwa vichwa kwa pamoja huzaa noti za tatu zisizohusiana na wimbo. Mstari mmoja hutoka safi. Na taarabu yetu ni muziki wa mstari mmoja: fidla, udi na ganuni hushika lahani ile ile, kila kimoja kikiipamba kwa namna yake. Piga lahani hiyo peke yake, uzi mmoja mmoja, volyumu ya gitaa ukiipunguza kidogo.